Saratani ya Ini Iingiapo Katika Mishipa Mikubwa ya Damu



Wengi wetu tumepata kumwona mtu mwenye nguvu zake akianza kukonda, tumbo likafura, macho yakageuka rangi ya manjano, na baada ya miezi michache akafariki. Jirani husema amerogwa, mwingine husema amelishwa sumu. Hospitali husema: "Ni saratani ya ini, nayo imekwisha kuingia katika mishipa mikubwa." Maneno hayo ni machache, lakini ndani yake mna somo kubwa la elimu ya viumbe. Leo tutajifunza maana yake: ini ni kitu gani, damu hupitaje ndani yake, saratani huingiaje katika mishipa, na kwa nini ikiisha kuingia tiba huwa ngumu. Mwisho tutaona lililo kubwa kuliko yote, yaani jinsi ya kuizuia isianze.

1. Ini na kazi zake

Ini hukaa upande wa kuume, nyuma ya mbavu, chini ya kile kiwambo kigawanyacho kifua na tumbo. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo ni kubwa kuliko viungo vyote vingine vya ndani. Kazi zake ni nyingi. Huweka akiba ya sukari na kuitoa mwili unapoihitaji. Hutengeneza nyongo, ambayo husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Hutengeneza protini zinazoigandisha damu tujikatapo. Tena huvunja sumu, kama vile pombe, kabla hazijaudhuru mwili. Basi tukisema ini ni ghala, ni kiwanda na ni forodha, hatukosei.

Jambo moja lazima tulishike mapema: ndani ya ini hakuna mishipa ya fahamu ya kuhisi maumivu. Ngozi nyembamba iliyolifunika ini ndiyo ihisiyo. Kwa hiyo uvimbe waweza kukua ndani muda mrefu, na mwenyewe asisikie kitu. Anapoanza kuumwa, mara nyingi uvimbe umekwisha kuwa mkubwa.

2. Njia za damu

Viungo vingi vya mwili hupokea damu kwa mlango mmoja, yaani ateri itokayo upande wa moyo, na kuitoa kwa vena zirudishazo damu moyoni. Ini si hivyo. Lenyewe lina milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni ateri ya ini, iletayo kama robo ya damu yake. Wa pili ni mshipa wa lango, uletao robo tatu zilizobaki. Mshipa huu hukusanya damu kutoka matumbo, tumbo la chakula, kongosho na bandama, pamoja na chakula kilichokwisha kuyeyushwa. Damu yote ipitayo katika ini hufika lita moja na nusu hivi kwa kila dakika.

Mtu akitaka kuielewa njia hii, na aikumbuke ramani ya mto Naili. Mto hutoka ziwa Victoria pale Jinja, hupita Kyoga na Albert, huvuka mpaka Nimule na kuingia Sudan Kusini. Huko, katika vinamasi vya Sudd, hutawanyika ukawa vijito visivyohesabika kati ya mafunjo. Kisha maji hukusanyika tena, na mto huendelea kwenda Khartoum. Mshipa wa lango hufanya vivyo hivyo. Huingia katika ini ukiwa mmoja, hugawanyika matawi mawili, la kuume na la kushoto, kisha vitawi, kisha vijishipa vyembamba kuliko unywele. Humo chembe za ini huichuja damu. Baadaye vijishipa hukusanyika tena vikawa vena kubwa za ini, aghalabu tatu, zinazoimimina damu katika mshipa mkuu wa chini. Mshipa huo hupanda moja kwa moja mpaka chumba cha kuume cha moyo, na kutoka hapo damu hupelekwa mapafuni.

Sudd ni neno la Kiarabu, maana yake kizuizi. Mwaka 1870 merikebu za Samuel Baker zilishindwa kupita huko kwa sababu ya visiwa vya majani yaliyoelea na kuziba njia. Kumbukeni kizuizi hicho, kwa maana tutakirudia.

3. Saratani huanzaje

Mwili umejengwa kwa chembe hai, au seli. Kila seli ina maagizo yake: wakati wa kugawanyika, wakati wa kupumzika, wakati wa kufa. Maagizo hayo yakiharibika, seli yaweza kuanza kugawanyika bila kukoma. Watoto wake nao huwa vivyo hivyo, mpaka uvimbe hutokea. Ikiwa seli hizo zaweza kupenya katika nyama za jirani na kusafiri mbali, hiyo ndiyo saratani.

Saratani ya ini tunayoisema hapa huanza katika seli za ini zenyewe. Aghalabu huzaliwa katika ini lililokwisha kuumizwa kwa miaka mingi. Ini likiumizwa hujiponya, likiumizwa tena hujiponya tena, na kila mara huacha kovu. Mwisho ini lote huwa gumu lenye vinundu. Kila seli igawanyikapo ili kuziba pengo, ipo nafasi ya kukosea katika kunakili maagizo. Makosa yakilimbikizana, saratani huanza. Lakini virusi vya homa ya ini ya B vyaweza kuileta saratani hata katika ini lisilo na makovu mengi, kwa kuwa huweza kujipachika ndani ya maagizo yenyewe ya seli.

Ulimwenguni, mwaka 2022 watu karibu 866,000 walipatikana na saratani ya ini, na karibu 758,000 walikufa kwayo mwaka huo huo. Linganisheni hesabu hizo mbili, nanyi mtaona jinsi ugonjwa huu ulivyo mkali.

4. Saratani huingiaje katika mishipa

Uvimbe hauwezi kuishi bila damu. Seli za ini zilizo nzima hupata damu yake nyingi kwa mshipa wa lango, lakini uvimbe wa saratani hujivutia damu yake kutoka ateri ya ini. Hutoa kemikali zinazoamrisha mishipa mipya iote, kama mwizi anayechepua bomba la maji kwenda shambani kwake. Damu hiyo ikiisha kuulisha uvimbe hutafuta njia ya kutoka, na mara nyingi njia iliyo karibu ni vitawi vya mshipa wa lango. Kuta za vitawi hivyo ni nyembamba. Seli za saratani huzipenya, huingia ndani, na kuanza kuota humo kama mzizi wa mti uliopata ufa katika bomba.

Mzizi huo waweza kukua kuelekea shinani, kutoka kitawi mpaka tawi, na kutoka tawi mpaka shina lenyewe la mshipa wa lango. Madaktari wa Japani wameupimia daraja nne. Daraja ya kwanza ni saratani iliyo katika vitawi vya mbali. Ya pili ni iliyofika katika matawi madogo yafuatayo yale makubwa mawili. Ya tatu imefika katika tawi kubwa, la kuume au la kushoto. Ya nne imefika katika shina, au imevuka mpaka tawi la upande wa pili. Kadiri daraja ipandavyo, ndivyo hali ya mgonjwa izidivyo kuwa ngumu.

Njia ya pili ni kwa vena zitokazo katika ini. Saratani ikiingia humo yaweza kuendelea mpaka mshipa mkuu wa chini, na mara nyingine ikafika ndani ya chumba cha kuume cha moyo. Vipande vikikatika, huchukuliwa na damu mpaka mapafuni na kuota huko.

5. Matokeo yake

Sasa turudi kwenye mto wetu. Kizibo kikikaa katika shina la mshipa wa lango, mambo manne hutokea.

La kwanza, damu hurudi nyuma, kama maji yarudivyo nyuma ya kizuizi. Mgandamizo huzidi, na damu hutafuta vichochoro vingine, hasa mishipa midogo iliyo kwenye umio na sehemu ya juu ya tumbo la chakula. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba damu nyingi hivyo. Huvimba, na siku moja yaweza kupasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi, au hupata choo cheusi kama lami. Hii ni hatari ya saa chache, wala haingoji kesho.

La pili, maji ya damu huchuruzika na kujaa tumboni. Ndiyo sababu tumbo hufura ijapokuwa mikono na mashavu vimekonda.

La tatu, ini lenyewe hukosa damu yake ya robo tatu. Likiwa lilikuwa dhaifu tangu awali, hushindwa kabisa na kazi. Macho huwa ya manjano, damu haigandi vyema, na sumu zisizovunjwa hupanda ubongoni mpaka mgonjwa huchanganyikiwa na kusinzia mchana.

La nne, damu iendayo mbele hubeba seli za saratani na kuzisambaza katika ini lote, kama mbegu za magugu zinazochukuliwa na maji ya mfereji. Kwa hiyo hata kama uvimbe wa kwanza ulikuwa mmoja, sasa huwa wengi.

Saratani ikifika katika shina la mshipa wa lango na mgonjwa asipotibiwa, maisha yake aghalabu huwa ya miezi miwili hadi minne tu.

6. Madaktari hujuaje

Kwanza hutumia kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho ni cha bei nafuu na hakina maumivu. Kisha hutumia picha za eksirei zinazouonyesha mwili vipande vipande, baada ya kumchoma mgonjwa sindano ya dawa ing'aayo katika picha. Dawa hiyo ikifika kwa ateri, uvimbe wa saratani hung'aa mapema kuliko sehemu nyingine za ini, kwa sababu tuliyoieleza: uvimbe hula kutoka ateri. Njia hiyo hiyo huwasaidia kutofautisha vizibo viwili. Bonge la damu tupu iliyoganda halina mishipa ndani yake, kwa hiyo haling'ai. Kizibo cha saratani kinaishi, kina mishipa yake, nacho hung'aa. Tazameni jinsi elimu ya mzunguko wa damu ya darasani inavyokuwa taa mikononi mwa tabibu.

7. Tiba

Saratani ikigunduliwa ingali ndogo na haijagusa mishipa mikubwa, iko tiba ya kuiponya. Yaweza kukatwa, yaweza kuunguzwa kwa sindano ya moto, au mgonjwa aweza kupewa ini jingine. Mwaka 1996 madaktari wa Milano, Italia, walieleza masharti ya kupewa ini: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi mitatu, kila mmoja usizidi sentimita 3, wala saratani isiwe imeingia katika mishipa mikubwa. Sababu ya sharti hilo la mwisho sasa mnaijua. Saratani iliyokwisha kuingia mtoni imekwisha kusafiri, na ini jipya huweza kushambuliwa tena.

Ikiisha kuingia, dawa hupewa ili kuichelewesha zaidi kuliko kuiondoa kabisa. Mwaka 2008 ilichapishwa habari ya vidonge viitwavyo sorafenibu. Wagonjwa waliovinywa, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 10.7, waliopewa vidonge visivyo na dawa, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 7.9. Tofauti ni ya miezi mitatu hivi, lakini ndiyo ilikuwa mara ya kwanza dawa ya kunywa kuushinda ugonjwa huu hata kidogo. Mwaka 2020 yalikuja majibu ya dawa mbili za sindano zitolewazo pamoja, atezolizumabu na bevasizumabu. Ya kwanza huwaamsha askari wa mwili, na ya pili huzuia uvimbe kuota mishipa mipya. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 67 katika kila 100 waliopewa dawa hizo walikuwa hai, na kwa waliopewa sorafenibu walikuwa 55 hivi. Iko pia tiba ya mionzi, na katika hospitali kadhaa, hasa za Japani na China, wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu hupasuliwa ijapokuwa saratani imeingia katika tawi la mshipa.

Dawa hizi ni ghali sana, na watu wengi wa Afrika hawazipati. Hilo ni kweli chungu, wala haifai kulificha. Lakini kukosa dawa ya kuponya si kukosa msaada. Maji ya tumboni huweza kupunguzwa, mishipa iliyovimba katika umio huweza kufungwa, na maumivu huweza kutulizwa. Katika jambo hili la mwisho Uganda imewafundisha wengi. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya maji huchanganywa kwa gharama ndogo na mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Mgonjwa asiyelia usiku kwa maumivu huweza kuzungumza na watoto wake, kulipa madeni yake na kuagana na watu wake.

8. Kuizuia isianze

Adui wakubwa ni wanne.

Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini ya B. Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake walitangaza alama yake mwaka 1965, naye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1976. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe na sindano za kushirikiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Havipiti kwa kupeana mikono wala kula sahani moja. Katika watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, 90 hivi hubaki navyo miaka mingi. Katika watu wazima ni chini ya 5 tu. Chanjo yake ipo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wake wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua kwa nusu hivi katika miaka kumi iliyofuata. Hiyo ndiyo chanjo ya kwanza kuonyesha kwamba yaweza kuzuia saratani.

Uganda iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002. Hapa niseme nanyi, wanafunzi wa zamani mliozaliwa kabla ya mwaka huo: yumkini hamkuchanjwa. Nendeni mkapimwe damu. Asiye na virusi achanjwe mara tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Aliye navyo asikate tamaa. Ziko dawa za kuvituliza, na akipimwa ini kila miezi sita, uvimbe ukitokea utaonekana ungali mdogo.

Wa pili ni virusi vya homa ya ini ya C, vilivyotambuliwa mwaka 1989. Hivi havina chanjo, lakini sasa vina vidonge vinavyowaponya wengi katika wiki 8 hadi 12.

Wa tatu ni sumu ya kuvu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula chakula cha karanga zilizoota kuvu. Miongoni mwa karanga zilizochunguzwa baadaye zilikuwamo zilizotoka Uganda. Sumu iliyopatikana ikaitwa aflatoksini. Hapa Uganda, vyakula 480 vilivyokusanywa mwaka 1966 na 1967 vilipopimwa, karibu 3 katika kila 10 vilikuwa nayo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 mashariki ya Kenya. Hao walikufa kwa haraka kwa kula sumu nyingi. Alaye kidogo kidogo kwa miaka huharibiwa maagizo ya seli za ini lake. Watafiti waliowachunguza watu wa Shanghai katika miaka ya 1990 waliona kwamba mwenye sumu hii na virusi vya B pamoja, hatari yake ya saratani ilizidi karibu mara 60. Sumu hii haifi kwa kupikwa. Basi karanga na mahindi vikaushwe vyema juu ya turubai wala si juu ya udongo, viwekwe ghalani mahali pakavu palipoinuka, na punje zenye kuvu zitupwe. Kuzisaga ili zisionekane ni kujidanganya na kuwadhuru wanunuzi.

Wa nne ni pombe nyingi, pamoja na unene na kisukari viletavyo mafuta katika ini.

Ndugu zangu, saratani iliyoingia katika mshipa mkubwa ni mwisho wa safari iliyoanza miaka 20 au 30 nyuma, pengine siku ya kuzaliwa. Njiani kulikuwa na vituo vingi ambapo ingaliweza kuzuiwa: chanjo ya mtoto, kipimo cha damu, turubai la kuanikia karanga, picha ya ini ya kila miezi sita. Anayesoma somo hili akiwa kijana amesimama katika vituo hivyo sasa. Na awaambie walio nyumbani.

Maswali ya kujijaribu

1. Taja milango miwili iletayo damu katika ini, na kiasi cha damu iletwacho na kila mmoja.
2. Kwa nini uvimbe wa saratani hung'aa mapema katika picha kuliko sehemu nyingine za ini?
3. Chora njia ya kipande cha saratani kutoka vena ya ini mpaka mapafuni.
4. Eleza kwa nini mgonjwa mwenye kizibo katika mshipa wa lango huweza kutapika damu.
5. Uliza nyumbani kwenu jinsi karanga na mahindi yanavyokaushwa na kuwekwa. Andika mambo mawili ya kurekebisha.